Tangazo la Kitu Ulichokwisha Kununua

Hapa Chepseon, mwenye duka aliyekuuzia gambuti Jumamosi hawezi kukuita Jumatatu akuuzie zile zile. Atakutazama miguuni, akuulize kama zinakubana, kisha akuonyeshe soksi. Mbona basi maduka ya mtandaoni, yasifiwayo kwa kujua kila kitu, yashindwe na jambo dogo kama hili? Mwezi mzima sasa gambuti nilizokwisha kununua zinanifuata simuni, hata ninaposoma habari za bonasi ya majani chai.

Wengi hudhani maduka hayo yanatujua mno. Mimi naona kinyume chake: yanajua tulichotazama, lakini aghalabu hayajui tulichonunua. Chombo chao kikuu ni kidakuzi, yaani kijialama ambacho tovuti huacha katika simu ya mteja. Kilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli wa kampuni ya Netscape, Marekani, na miongoni mwa kazi zake za awali ilikuwa kulikumbusha duka yaliyomo kikapuni mwa mteja. Baadaye makampuni ya matangazo yalikitwaa ili kumwandama mtazamaji kutoka tovuti moja hadi nyingine. Lakini mtu wa huku hutazama bei simuni, akashuka Kericho mjini, akalipa kwa M-Pesa na kurudi na mzigo wake. Mauzo hayo kidakuzi hakiyaoni. Hata ukinunua katika tovuti ile ile, huenda duka lisimpashe habari mwenye kusambaza matangazo.

Tena kuna hesabu ya fedha. Kumwonyesha mtu tangazo moja ni gharama ndogo mno, na aliyenunua juzi huenda akairudisha bidhaa na kutaka nyingine. Mwenye kuuza nafasi ya tangazo naye hulipwa vyovyote vile.

Anayegharimika ni mwenye simu, kwani picha hizo hula bando alilonunua mwanafunzi kwa shilingi zake chache. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, katika kifungu cha 37, inakataza data ya mtu kutumiwa kibiashara isipokuwa kwa idhini yake ya waziwazi au ruhusa ya sheria. Idhini hiyo sisi huitoa kwa kubofya “Kubali” kabla ya kusoma neno. Kitufe cha kukataa nacho mara nyingi kipo, ila hufichwa chini, kwa herufi ndogo.