Lita kwa Ekari: Kipimo cha Kweli cha Trekta Dogo

Mkulima aendapo kununua trekta dogo, huuliza mambo mawili: bei yake, na nguvu zake ni za farasi wangapi. Muuzaji humjibu bila kusita, maana bei imeandikwa na idadi ya farasi imechapwa ubavuni mwa injini. Swali la tatu, ambalo litamwandama mkulima huyo msimu hadi msimu, mara nyingi haliulizwi: je, trekta hili litatumia lita ngapi kulima ekari moja? Bei ya trekta hulipwa mara moja, lakini dizeli hununuliwa kila siku ya kulima. Na kwa Tanzania, ambayo huagiza dizeli kutoka ng'ambo, swali hili si la mkulima peke yake. Ni la taifa zima.

Injini ya dizeli ilijipatia sifa ya kubana matumizi tangu ilipozaliwa. Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani, alipoijaribu injini yake mjini Augsburg mwaka 1897, iligeuza kiasi cha robo ya nishati ya mafuta kuwa kazi, ilhali injini nyingi za mvuke za zama hizo hazikufikia hata nusu ya ufanisi huo. Siri yake ni mgandamizo. Hewa husindikwa ndani ya silinda mpaka ujazo wake ubaki sehemu moja tu kati ya 16 hivi, ikapata joto kali, na mafuta yanyunyiziwapo humo huwaka yenyewe bila kuhitaji cheche. Sifa hiyo ni ya haki, lakini imezaa dhana potofu kwamba trekta la dizeli likiwa dogo, basi gharama ya mafuta nayo ni ndogo.

Hesabu ya fizikia ya sekondari yatosha kuipima dhana hiyo. Na ichukuliwe kwamba udongo wa wastani hulikinza jembe kwa kani ya nyutoni 50,000 kwa kila mita ya mraba ya mkato wake, na kwamba jembe huingia ardhini sentimita 15. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Kwa hiyo kazi ya kuipindua ekari hiyo ni 50,000 × 0.15 × 4,047, yaani megajouli 30 hivi. Lita moja ya dizeli ina nishati ipatayo megajouli 36. Kama kusingekuwa na upotevu wowote, ekari moja ingelimwa kwa mafuta yasiyotimia lita moja!

Lakini upotevu upo, tena mkubwa. Injini ikigeuza robo tu ya nishati kuwa kazi, na katika kazi hiyo sehemu 6 kati ya 10 tu zikalifikia jembe baada ya kupita katika gia na magurudumu, nishati inayohitajika hupanda hadi megajouli 200, yaani lita tano na nusu. Yafaa mwanafunzi atambue kwamba katika hesabu hii idadi ya farasi haikutajwa mahali popote. Farasi huamua ekari italimwa kwa muda gani. Hawaamui peke yao italimwa kwa lita ngapi.

Mambo yanayoamua ni matatu. La kwanza ni kina. Jembe likishushwa kutoka sentimita 15 hadi 20, kazi huongezeka kwa theluthi moja, na mafuta vivyo hivyo. La pili ni kuteleza kwa magurudumu, ambako ndiko ugonjwa mkuu wa matrekta madogo kwa sababu ya wepesi wao: gurudumu huzunguka na mafuta huungua, lakini trekta halisogei inavyopasa. La tatu ni mzigo wa injini. Injini iungurumayo kwa kasi huku ikifanya kazi ndogo hutumia sehemu kubwa ya mafuta yake kushinda msuguano wake yenyewe. Ufanisi wa injini ukishuka hadi sehemu moja kati ya tano, na kazi inayolifikia jembe ikawa chini ya nusu, ekari ile ile, kwa trekta lile lile, itadai lita tisa.

Ndiyo maana dereva hodari, mzigo uwapo mwepesi, hupanda gia na kupunguza mafuta, mradi injini isielemewe na kutoa moshi mweusi. Kanuni hiyo haifai tu pale trekta linapoendesha mashine nyingine inayohitaji mizunguko maalumu kwa dakika.

Wako wasemao kwamba, kwa kuwa udongo na madereva hutofautiana, hapana takwimu moja iwezayo kumsaidia mnunuzi. Hoja hiyo ina uzito, lakini ilikwisha kujibiwa zamani. Katika jimbo la Nebraska, Marekani, mkulima Wilmot Crozier, aliyekuwa pia mjumbe wa bunge la jimbo, alichoshwa na matrekta yasiyotimiza ahadi za watengenezaji. Mwaka 1919 sheria ilipitishwa kwamba matrekta yapimwe kabla ya kuuzwa jimboni humo, na mwaka 1920 Chuo Kikuu cha Nebraska kikaanza kazi hiyo. Upimaji ule haukudai kutabiri matumizi ya kila shamba. Uliyapima matrekta yote kwa njia moja, na mnunuzi akapata msingi wa kuyalinganisha.

Tanzania nayo haikosi mahali pa kuanzia. Kituo cha CAMARTEC cha Arusha, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1981, kina jukumu la kupima zana za kilimo. Tangu wito wa Kilimo Kwanza wa mwaka 2009, pawatila na matrekta madogo yamekuwa jambo la kawaida mashambani. Kinachopasa sasa ni kwamba kila trekta lifikapo dukani liwe na kibandiko cha Kiswahili kinachoonyesha matumizi yake ya mafuta kwa mzigo kamili, kwa nusu mzigo na kwa robo mzigo. Mkulima asiuziwe farasi bila kuambiwa malisho yao.

Shule za sekondari hazina haja ya kungoja. Tangi lijazwe pomoni, ekari ipimwe kwa kamba na kulimwa, kisha tangi lijazwe tena kwa chombo chenye alama za lita: hayo ndiyo matumizi. Gurudumu litiwe alama ya chaki, na umbali wa mizunguko kumi upimwe jembe likiwa limeinuliwa, kisha likiwa ardhini: tofauti yake ndiyo mtelezo. Darasa lililofanya kazi hiyo mara moja litakuwa na jambo la kumweleza mkulima jirani kabla hajalipa fedha zake.