Mshale Haunyoki kwa Bahati

Wapo wasomi wa nchi hii ambao wakisikia habari za upinde hucheka. Kwao upinde ni zana duni ya watu walioachwa nyuma, na mshale ukifika penye shabaha ni kwa jicho kali la mpigaji, au kwa bahati, au kwa sumu. Nimeyasikia maneno haya katika vyumba vya walimu kwa miaka mingi, na mara nyingi yalisemwa juu ya Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi. Nasema waziwazi: ni maneno ya watu wasiopata kujiuliza mshale huendaje.

Na tujiulize. Ugwe ukiachiwa huusukuma mshale kutoka nyuma kwa ghafla, na uti wa mshale hupinda. Tena ugwe hurudi kuelekea katikati ya upinde, ilhali mshale umelazwa ubavuni mwake. Kwa hesabu ya haraka, mshale ungepaswa kwenda upande. Hauendi upande, kwa kuwa huuzunguka mti wa upinde kwa kujipinda huku na huku kama nyoka, kisha hutulia. Katika miaka ya 1930 mwanafizikia wa Marekani, C. N. Hickman, alilionyesha jambo hili kwa picha za kamera ya kasi kubwa. Lakini ili litokee, ugumu wa uti lazima ulingane na nguvu ya upinde. Uti mlegevu hupinda kupita kiasi. Uti mgumu mno huugonga upinde na kukengeuka. Basi mtu ambaye mshale wake ni mlegevu, akitafuta upinde wenye nguvu zaidi, anazidisha ubovu ule ule.

Mhadzabe hana kamera. Huchagua kijiti, hukimenya gome, hukipasha moto ili kilegee, hukibana kwa meno na kukikunja penye kombo, kisha hukiinua mbele ya jicho na kukitazama toka ncha hadi ncha. Kombo likibaki, hukirudisha motoni. Mkiani hufunga manyoya ya ndege kwa kano za mnyama. Manyoya hayo hukamata hewa, na mkia hubaki nyuma ya kigumba badala ya kuyumba. Chuma cha vigumba hukipata kwa kubadilishana na majirani zake Wadatoga, au hufua misumari. Mshale wa ndege na wanyama wadogo huwa na ncha ya mti mtupu.

Sasa yule anayeyaita haya uduni anijibu. Kuchagua malighafi, kukagua, kujaribu, kusahihisha na kujaribu tena, kunaitwaje? Katika vyuo vya ualimu tunakuita njia ya kisayansi, na mwanachuo akishindwa kukueleza tunamnyima alama. Atasema sumu ndiyo inayoua. Sumu haina macho! Isipofika kwa mnyama haiui hata panzi. Na huo mshale wa ndege hauna sumu kabisa, nao hupata.

Wapo pia wanaojidai kuwasifu. Huwapeleka watalii Mang'ola alfajiri, wakapiga picha, wakajaribu kuvuta upinde, wakacheka, wakaondoka. Sifa ya namna hii ni ndugu ya dharau, maana huugeuza ujuzi kuwa mchezo wa kutazamwa.

Anayeumia ni mtoto. Mvulana wa Kihadzabe hushika upinde mdogo akiwa na umri wa miaka mitatu hivi. Anapoletwa shuleni amekwisha kufanya majaribio mengi kuliko mwalimu wake wa sayansi, naye huandikiwa kuwa hajui kitu. Kisha akitoroka tunashangaa! Mwalimu Nyerere alituonya katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, juu ya shule inayomfundisha mtoto kuwa elimu yote yenye thamani imo vitabuni. Onyo lile tulilisifu katika mikutano, tukaliacha mlangoni mwa darasa.

Sisemi mtoto huyo abaki bila kusoma. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda Chini walipata hati ya kimila ya ardhi yao, na hati huhitaji mtu wa kuisoma na kuitetea. Ninachodai ni kwamba somo la kani na mwendo lianze na kitu anachokijua. Mzee afundi mishale aitwe darasani, alipwe kama mwalimu mwingine yeyote, na wanachuo wakae chini wamsikilize. Baada ya hapo ndipo waandike kanuni ubaoni. Mwalimu asiyeweza kueleza kwa nini mshale wa mzee huyo umenyooka hana haki ya kumwita mjinga.