Kabla kalamu haijagusa cheti cha dawa
Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Uganda, na yalistahili kubandikwa ukutani katika kila chumba cha daktari. Wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI waliwekewa vijiti vya uzazi wa mpango. Kati ya 20 waliokuwa pia wakimeza efavirenzi, dawa ya kufubaza virusi hivyo, 3 walipata ujauzito kabla mwaka haujaisha. Vijiti vyao vilikuwa mahali pake, chini ya ngozi ya mkono. Tatizo lilikuwa kwenye ini: efavirenzi ilichochea vimeng'enya vinavyovunja dawa, navyo vikaivunja homoni ya kijiti upesi mno hata kiwango chake katika damu kikashuka kwa karibu nusu.

Efavirenzi sasa imeachia nafasi dolutegraviri, lakini funzo halijazeeka. Rifampisini, nguzo ya tiba ya kifua kikuu, huchochea vimeng'enya hivyo kwa nguvu kubwa zaidi. Ndiyo maana mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia dolutegraviri hupewa miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja, na huendelea hivyo wiki mbili baada ya kumaliza rifampisini, kwani ini halitulii siku hiyo hiyo. Hatari huweza pia kugeuka. Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda huhitaji dozi kubwa wakati wa rifampisini. Rifampisini ikikoma na dozi ile ikabaki, anaweza kuvuja damu hadi kufa.

Kwa hiyo swali la kwanza la tiba salama ni lile linaloulizwa kwa haraka kuliko yote: "Unatumia dawa nyingine?" Mgonjwa hujibu hapana, na hasemi uongo. Mama hahesabu kijiti kuwa dawa. Mzee amemeza vidonge vya presha miaka mingi, kwake ni sehemu ya chai ya asubuhi. Hakuna anayetaja dawa ya kiungulia aliyoinunua dukani, ingawa zile zenye alumini au magnesi hunasa dolutegraviri tumboni na kuizuia kuingia kwenye damu. Daktari na ataje moja moja: ya presha, ya sukari, kijiti au sindano, ya maumivu, ya asili.

Hiyo ya maumivu isipuuzwe kamwe. Mzee anayetumia enalapri ya presha pamoja na dawa ya kukojoza maji analalamika magoti, anaandikiwa diklofenaki. Diklofenaki hubana mshipa unaoingiza damu kwenye chujio la figo, enalapri hulegeza ule unaoitoa, na dawa ya kukojoza imekwisha kupunguza maji mwilini. Shinikizo la kuchujia damu huanguka, na figo zinaweza kushindwa kazi. Kila dawa ni halali. Zikikutana ndipo zinaumiza, na kwa mzee ambaye figo zake zimeanza kuchoka kwa umri, madhara huja mapema.

Kwa watoto, jambo kubwa ni uzito. Dawa ya mseto ya malaria yenye lumefantrini hutolewa, kwa kila dozi, kidonge kimoja kwa mtoto wa kilo 5 hadi asiyefika 15, viwili kuanzia 15 hadi asiyefika 25. Watoto wawili wa miaka mitatu, mmoja kilo 12 na mwingine 16, hawastahili dozi moja. Mama aambiwe pia ampe na maziwa au chakula chenye mafuta, maana lumefantrini bila mafuta hufyonzwa kidogo tu.

Ni kweli foleni ni ndefu na daktari ni mmoja. Ndiyo sababu ulinzi huu usiachwe mikononi mwake peke yake. Vyeti vingi hufika dirisha la dawa vikiwa na jina, umri na orodha ya vidonge. Mfamasia atakamataje kosa asiloweza kuliona? Hospitali zidai uzito, ugonjwa uliogunduliwa na dawa anazoendelea nazo mgonjwa viandikwe kwenye kila cheti, na mfamasia awe na mamlaka ya kukirudisha pasipo kuonekana mkaidi. Mgonjwa naye aje na mfuko wenye dawa zake zote, hata zile za mizizi, na kadi inayoonyesha kijiti kiliwekwa lini.