Akiba ya Pindoni na Kipimo cha Vinasaba

Binti jirani yangu, ambaye hedhi yake hupotea miezi mitatu minne kisha ikaja kwa wingi wa kumlaza kitandani, na ambaye ndevu chache zimemchipuka kidevuni hata hatoki bila ya kuvuta mtandio, alifungua pindo la kanga mbele yangu, akaniuliza: “Shangazi, fedha hizi nipeleke nikapimwe vinasaba? Nasikia asili ya maradhi yangu ni kipokezi cha vitamini D.”

Maradhi yake ni ya vifuko vingi vya ovari, ambayo Stein na Leventhal waliyaeleza huko Chicago mwaka 1935 kwa habari za wanawake 7, na ambayo leo hukadiriwa kumpata takriban mwanamke mmoja katika kila 10 walio katika umri wa kuzaa. Habari aliyoisikia haikuzuka ovyo. Vitamini D, ambayo ngozi huiumba kwa jua na ini na figo zikaikamilisha, hutenda kazi yake kwa kushikana na kipokezi ndani ya seli, na vipokezi hivyo vimo katika ovari na katika kongosho litoalo insulini. Fauka ya hayo, mwili mnene huibakiza vitamini hiyo katika mafuta, damu ikapungukiwa. Katika jeni ya kipokezi hicho, iliyo katika kromosomu ya 12, pana mahali paitwapo FokI ambapo herufi moja ikibadilika, protini yenye asidi amino 427 hutoka na 424. Wataalamu wana haki kabisa ya kulidadisi jambo hilo.

Lakini tafiti zenyewe, ambazo aghalabu ni za makundi madogo, hazikubaliani. Na hata pale uhusiano unapoonekana, huo ni mwelekeo wa kundi, wala hauwezi kuwa hukumu ya mtu mmoja. Karatasi ya kipimo hicho haitambadilishia dawa. Kipimo cha sukari na cha shinikizo la damu huweza kumbadilishia, na metformini ipo, na letrozoli ipo kwa atakaye kushika mimba.

Nilipomdadisi nikatambua alichotaka kukinunua. Tabibu wa kwanza alimwambia maneno mawili tu, “Punguza mwili,” akamwita mgonjwa mwingine. Tangu siku hiyo binti anajiona mkosaji, na jeni ingemtoa katika lawama. Taksiri ya tabibu huyo naiona kubwa, maana insulini ikizidi huusukuma mwili kunenepa na huichochea ovari kutoa homoni za kiume kupita kiasi, na wembamba nao huugua maradhi haya haya. Kupungua uzito, hata kidogo, huweza kuirudisha hedhi. Ni dawa, basi ipewe kama dawa, kwa maelezo na subira, wala isitupwe kama karipio.

“Kwa hiyo si kosa langu?” akauliza.

“Si kosa lako, mwanangu.”

Akalifunga pindo. Jumatatu tutakwenda sote kupima sukari, nami nitaingia naye ndani kwa tabibu.