Mtoto kumpita mama miaka

Wiki hii tuko na deni. Tuliandika ubaoni kwamba ulimwengu una miaka miliare 13,8. Mwanafunzi mmoja wa hapa Kamalondo akauliza: "Mwalimu, nani alihesabu?" Tukamwambia aandike tu. Kesho yake mama yake akaja kutuomba radhi, ati mtoto anasumbua. Hapo ndipo tulisikia haya, juu kosa lilikuwa letu.

Hesabu yenyewe mnaijua. Kutoka Likasi mpaka hapa ni karibu kilometa 120. Basi ikitembea 60 kwa saa, iliondoka saa mbili zilizopita; ikitembea 40, ni saa tatu. Galaksi, ndiyo yale makundi makubwa ya nyota, zinaachana vilevile. Ukijua umbali na mbio zake, unarudi nyuma mpaka mwanzo.

Mwaka 1929, Mmarekani Edwin Hubble alipata mbio kubwa mno: karibu kilometa 500 kwa sekunde, kwa kila umbali ambao mwangaza unautembea miaka milioni 3,26. Ikatoka karibu miaka miliare 2 tu. Lakini wenye kupima mawe walikuwa na saa yao. Uraniumu, kama ile ya Shinkolobwe kwetu, inageuka polepole kuwa madini ya risasi; nusu yake inageuka kwa miaka miliare 4,5. Mwaka 1946, Mwingereza Arthur Holmes akaipa dunia karibu miliare 3. Dunia kuupita ulimwengu! Ni kama kuambiwa binti yako alizaliwa mbele yako.

Hawakutupa mawe, hawakutupa nyota. Mwaka 1952 Walter Baade akaonyesha kwamba nyota walizotumia kupimia umbali ni za aina mbili, nao walizichanganya. Umbali ukawa kama mara mbili, umri pia.

Leo wanabishana tena. Wanaosoma mwangaza wa zamani kabisa wanapata karibu 67 pahali pa ile 500. Wanaopima nyota na galaksi wanapata karibu 73. Wamerudilia kupima, tofauti haitoki. Kwa hesabu ya basi, ni kama miaka miliare moja. Labda kipimo kimoja kina kosa, labda kuna kitu mbinguni ambacho hakuna anayekijua bado.

Jumatatu tutaandika "karibu" mbele ya ile 13,8. Yule mtoto ndiye atashika chaki.