Msitutishe kwa Rwanda



Kila tunapodai gazeti huru Visiwani, hujibiwa kwa neno moja: Rwanda. Twaambiwa kwamba huko redio ndiyo iliyomwaga damu, basi watu waliotoka katika fitina na wanyimwe kalamu ili wapate amani. Hoja hii ni ya uwongo, nasi twaikataa.

Waulizwe watu wa Kamuli, katika wilaya ya Kyerwa, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Karagwe na imepakana na Rwanda. Mwaka 1994 wakimbizi walimiminika Karagwe kwa maelfu, na Mto Kagera ukachukua maiti hadi Ziwa Victoria. Watu hao hawahitaji kufundishwa madhara ya neno la chuki. Lakini RTLM haikuwa sauti ya raia walioachiwa uhuru kupita kiasi. Ilianzishwa mwaka 1993 na watu wa karibu na watawala, ikalindwa nao. Na waandishi waliothubutu kuwapinga waliuawa. Je, huo ndio uhuru wa khabari?

Sasa tutazame kwetu. Januari 2001 damu ilimwagika Pemba na Unguja, na ndugu zetu wakakimbilia Shimoni, Kenya. Oktoba mwaka huo Muafaka ukatiwa saini. Mwaka uliofuata likatoka Dira, gazeti la kila wiki lisilokuwa la serikali, mhariri wake marehemu Ali Nabwa. Novemba 2003 serikali ikalipiga marufuku.

Pimeni wenyewe. Disemba 2003, mwezi uliofuata, Mahakama ya Kimataifa iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani wakuu wawili wa RTLM na mhariri wa Kangura, baada ya kesi ya miaka mitatu, kwa mashahidi na mawakili. Waliochochea mauaji ya halaiki walipewa nafasi ya kujitetea. Dira, ambalo halikumuua mtu, lilifungwa kwa amri.

Basi anayetutajia Rwanda na aitaje yote. Madai yetu ni haya: mwenye kudhulumiwa na gazeti aende mahakamani, wala asiwepo waziri aliye mshitaki, shahidi na hakimu kwa pamoja. Watu waliozika maiti zao wana haki ya kuuliza ni nani aliyewaua, na kulisoma jibu lake bila ya khofu.

Ukishaisoma karatasi hii, mpe mwenzako.