Upele wa Watu na Upele wa Mbuzi

Ndugu mkulima wa Usinge, mwanao ajikunapo usiku, usimpake dawa yeye peke yake. Mdudu wa upele, mdogo mno, huchimba ngozini na kutaga mayai humo. Na mtu apatwaye mara ya kwanza huweza kukaa majuma 4 hata 6 bila kuwashwa, huku akiwaambukiza wenziwe. Watu wote wa nyumba na wapakwe siku moja, nguo zao zifuliwe kwa maji ya moto. Kumlaumu mama kwa uchafu naona ni upuuzi: hata aogaye kila siku hupatwa. Mdudu wa mbuzi hukuwasha siku chache tu, maana hawezi kuzaana mwilini mwako. Lakini zizini huenea. Mtenge mbuzi huyo, umwite bwana mifugo, wala usimpeleke mnadani kumwuzia jirani.